Sekunde 19 za Mbuyuni

Jumatano saa nne asubuhi kijana mmoja aliingia stesheni kwangu, duka langu la karatasi na uchapaji, akalaza simu yake juu ya kaunta na kuniuliza kama mashine yangu inaweza kuchapa fulana 12 kufikia jioni.

"Inaweza. Unataka ziandikwe nini?"

Alicheka kabla ya kujibu. "Dada, hujaiona ile ya mama wa ndizi? Andika: UMEIVA, NANI KAKUPUNGUZA? Maneno meusi, fulana za njano kama ndizi yenyewe."

Nilikuwa nimeiona.

Niliirekodi mimi.

Sikumwambia. Nilichukua saizi, nikapokea nusu ya malipo, nikamwandikia risiti. Alipotoka nilibaki nikiitazama ile karatasi ya oda. Kwa mwandiko wangu mwenyewe yalikuwa yameandikwa pale maneno ambayo wiki tatu nyuma yalikuwa ya watu wawili, na sisi wachache tuliosimama karibu nao.

Tangu siku hiyo nimeandika makala haya na kuyafuta mara sijui ngapi. Leo yaende.

Kilichoonekana

Wengi wenu mmeiona, kwa hiyo sitachukua muda. Soko la Mbuyuni, hapa Moshi, asubuhi. Mzee wa koti la kahawia ameipa kamera mgongo, mkononi ana chane ya ndizi mshare. Anaomba apunguziwe kwa sababu zimeanza kuiva, na mshare ikishaiva mtori wake haunyweki. Mama muuzaji anamtazama kuanzia kofia mpaka viatu, taratibu, kama anayekagua mkungu. "Na wewe je? Umeiva siku nyingi, nani kakupunguza?"

Soko linaangua kicheko. Video inaisha.

Niliiweka stetasi Jumamosi jioni kwa sababu ilinichekesha, na kusema kweli kwa sababu siku hiyo sikuwa na kingine cha kuweka. Walioitazama walikuwa 112. Nilijua baada ya saa 24 itafutika yenyewe. Watu watatu waliniandikia usiku uleule: "Nirushie hiyo." Nikawarushia, nikalala.

Siku tisa baadaye, shangazi yangu wa Rombo, ambaye hutuma Zaburi kila alfajiri na sijawahi kupokea kitu kingine kutoka kwake, alinitumia video yangu mwenyewe.

Ilikuwa na ile mishale miwili, ambayo WhatsApp huiweka ujumbe ukishapitishwa mikono mitano au zaidi tangu ulikotoka. Chini yake palikuwa na maneno ambayo sikuyaandika: *Akutana na mtalaka wake sokoni Moshi, ona alichojibiwa.*

Mtalaka!

"Shangazi, hawa si mtu na mtalaka wake," nikamwandikia.

"Kumbe? Basi inachekesha hivyohivyo, mwanangu."

Kurudi nyuma, mkono kwa mkono

Nilichotaka kujua mwanzoni kilikuwa kidogo sana. Kwa nini hii? Mwezi wa tatu niliandika hapahapa juu ya mfongo (mfereji wa maji) mmoja wa Kibosho uliokauka. Nilipanda mlima mara nne, nikakaa na wazee, nikaeleza jinsi mifereji ile ilivyochimbwa na mababu kabla Mzungu yeyote hajafika kuishangaa, na zamu za maji zilivyogawanywa kihamba kwa kihamba, yaani shamba la ukoo kwa shamba la ukoo. Wiki mbili na nusu za kazi. Walioisoma ni 41. Aliyeituma kwa mtu mwingine ni mmoja, naye ni mimi.

Na sekunde 19 za ndizi zimefika kwa shangazi.

Nikaanza na wale watatu. Nilimwuliza kila mmoja: ulimtumia nani, na kwa nini yeye?

Wa kwanza ni rafiki niliyesoma naye sekondari, sasa nesi. Alimtumia mwenzake wa zamu aliyekuwa ametimiza miaka 50 wiki hiyo. "Sikuwa na zawadi," alisema. "Hiyo ndiyo ikawa zawadi."

Wa pili ni binamu yangu aliyeko Kimara, Dar. Yeye aliipeleka kwenye grupu la watu wa kwetu walioko huko. Nikadhani atasema ilimchekesha. "Sikiliza nyuma ya yule mama," akaniambia. "Kuna konda anaita Kiboriloni, Kiboriloni. Kuna kengele ya baiskeli. Mimi sijafika nyumbani tangu Desemba ya mwaka juzi." Nilirudi kuisikiliza. Konda yupo. Kengele ipo. Nimeirekodi kwa mkono wangu na sikuwa nimevisikia.

Wa tatu ni jirani yangu wa Soweto, hapahapa Moshi. Huyu alisitasita sana. Mwisho akakiri kwamba yeye na mkewe walikuwa siku ya pili hawasemeshani, yeye sebuleni, mama chumbani, na wote wawili mwaka huu wanatimiza miaka 45. Alimtumia video kutoka sebuleni. Zikarudi sura tatu za kucheka machozi. Baada ya dakika kumi ikaja chai. Ndoa imepona kwa bando la mia tano!

Nikamwuliza na mkewe, maana sasa nilishanogewa. Yeye alimtumia mdogo wake wa Arusha, ambaye ana miaka 38 na hajaolewa. Mdogo mtu hakujibu, na hadi naandika hajajibu.

Nikampigia mdogo mtu. Nilikaribia kutopiga.

"Niliipeleka kwenye grupu la kazini palepale," alisema. "Bila kuandika neno. Ili ionekane haijanigusa."

Baada ya hapo njia inapotea. Grupu la kazini lilikuwa na watu wengi, na simjui hata mmoja.

Watu watano, na hakuna aliyeniambia aliituma kwa sababu ni nzuri. Kila mmoja alianza kwa kutaja mtu au watu. Halafu, nilipokaa na daftari, nikaona jambo jingine: hakuna aliyetuma kwa mamia. WhatsApp ilianza kubana mambo haya mwaka 2018, kwanza India, ambako uvumi uliosambazwa kwa simu ulikuwa umesababisha watu kuuawa na makundi ya watu. Januari 2019 dunia nzima ikawekewa kikomo cha kupitisha ujumbe kwenye mazungumzo matano kwa mara moja, na Aprili 2020 ule wenye mishale miwili ukabaki wa mazungumzo mamoja. Video yangu haikusumbuliwa na kikomo chochote. Watu wangu walikuwa wakituma kwa mtu mmoja au grupu moja. Kila mtu akimtumia hata wawili tu, na kila mmoja wao wawili, hatua ya 20 imeshavuka watu milioni moja, na katika hao wote hakuna anayejiona ametangaza kitu.

Mimi mwenyewe sikujiona.

Damu kuchemka

Nikafanya anachofanya mtu aliyekosa usingizi: nikaanza kusoma.

Mwaka 2012 Jonah Berger na Katherine Milkman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha utafiti juu ya makala karibu 7,000 za gazeti la New York Times, za kipindi cha miezi mitatu, wakitafuta zipi ziliingia kwenye orodha ya zilizotumwa zaidi kwa barua pepe na kwa nini. Yaliyowafurahisha watu yalisafiri kuliko yaliyowanyong'onyeza. Lakini kilichobeba uzito ni kama habari ilimwamsha msomaji. Mshangao mkubwa ulisukuma. Hasira ilisukuma, na wasiwasi pia. Huzuni ilirudisha nyuma, maana aliyehuzunika hukaa.

Hapo nikauelewa mfongo wangu. Niliandika msiba, na msibani watu huketi.

Kuna jaribio jingine la Berger, la 2011, ambalo nimelisimulia stesheni hadi wateja wamechoka. Watu wengine waliketi tu. Wengine waliambiwa wakimbie papo hapo kwa sekunde 60. Kisha wote wakapewa kusoma habari moja isiyo na chumvi wala pilipili, wakaambiwa wakitaka wanaweza kumtumia mtu. Walioketi, asilimia 33 waliituma. Waliokimbia, asilimia 75. Mapigo ya moyo yalikuwa yamepanda kwa sababu ya miguu, wala si kwa sababu ya habari, na bado kidole kikatii.

Nikawaza video yangu ilifunguliwa wapi. Ndani ya Hiace ya Majengo iliyojaza mpaka mlangoni. Nyuma ya boda. Jikoni saa ya kupika, grupu la kazini dakika tano kabla ya kikao. Sisi ni watu wa kusoma simu huku tunakwenda.

Nilikaa na maelezo haya kama wiki nzima na yakanitosha. Halafu yakaanza kunikera, kwa sababu ya yule dada wa Arusha. Damu yake ilichemka, sawa. Lakini moto unaeleza kwa nini maji yamechemka. Chai inamiminwa kikombe cha nani, huo si ujuzi wa moto. Kwa nini nesi alimwona mwenzake wa zamu mara tu aliposikia neno *umeiva*? Kwa nini mke wa jirani alimwona mdogo wake?

Kanga ya mama yangu

Mama yangu ana kanga moja ambayo huivaa akienda kwa wifi yake tu. Sitaandika imesema nini, kwa sababu shangazi husoma hapa.

Hakuitunga yeye. Aliikuta dukani, ikiwa imetundikwa pamoja na nyingine hamsini, akaisoma, na palepale akajua ni ya nani. Aliyeyaandika yale maneno kiwandani hamjui mama yangu wala wifi yake. Ndiyo uzuri wake. Kanga haina saizi, na jina la kanga nalo halina. Ukiulizwa, unasema ni nguo tu, mbona mmenishikia bango.

Watu wa Pwani wana ufundi huu zaidi yetu. Kwenye taarabu, mstari ukifika, mtu huinuka na noti yake kwenda kumtunza mwimbaji, na njia anayoichagua kufika jukwaani ni ile inayompitisha mbele ya aliyemkusudia. Wimbo ni wa mwingine na sauti ni ya mwingine. Chake ni kule kupita.

Ndicho alichofanya mke wa jirani yangu. Ndicho wanachofanya watu nusu ya namba zangu kila jioni kwenye stetasi. Tuliposema zamani kwamba mtu amerusha kijembe, tulikuwa tayari tuna kitenzi. Simu imetupa mkono mrefu tu.

Sasa litazame lile neno la mama wa ndizi. *Umeiva, nani kakupunguza?* Linamfaa anayetimiza miaka. Linamfaa bosi asiyetaka kustaafu, mke, mume, dada, mchezaji wa timu ya upande wa pili. Lina tusi na lina mapenzi, na mtumaji ndiye anayeamua kipi kimetangulia, tena anaweza kubadilisha akibanwa. Halihitaji Moshi, halihitaji ndizi. Linatoka sokoni likiwa jepesi, halina mwenyewe.

Hapo nilijiona nimefika. Nikaandika makala ya kwanza kuhusu jambo hili, yenye kanga na Berger na kila kitu, nikakaribia kuichapisha. Kilichonizuia ni aibu ndogo tu: nilikuwa sijarudi sokoni hata mara moja.

Wanachukua maneno, ndizi wanaziacha

Nilikwenda siku mbili baada ya yule kijana wa fulana. Nilijiandaa kuomba radhi.

Mama wa ndizi anatumia kitochi. Video alionyeshwa na mwanawe, ambaye kwa siku kadhaa alimwuliza kama kuna hela inakuja. Simlaumu kijana. Wote tulimwona Kili Paul, yule mwenzetu mwenye vazi la Kimasai aliyekuwa akifuatisha kwa midomo nyimbo za Kihindi na dada yake Neema, mpaka Februari 2022 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, akawataja kwa majina redioni. Kila mzazi mwenye kijana nyumbani anaijua hadithi hiyo. Tofauti ni kwamba Kili Paul alisimama mbele ya kamera akijua iko wapi.

"Wiki ya kwanza walikuja wengi," mama alisema, mikono inaendelea kupanga chane. "Mama tuambie na sisi tumeiva. Nikawaambia. Wakacheka, wakapiga picha, wakaondoka. Wanachukua maneno, ndizi wanaziacha."

"Mama, mimi ndiye niliyerekodi."

"Najua. Si ulisimama pale kwa muuza vitunguu?"

Nikaanza hotuba yangu ya radhi. Akanikatiza kwa kiganja.

"Mimi sina neno, mwanangu. Mimi nilisema, watu wakacheka, ndiyo kazi ya mdomo. Kamwone fundi saa."

"Fundi saa gani?"

Akanitazama kama mtu anayeuliza ndizi ni nini.

Wiki zote zile sikuwa nimemfikiria. Hata kidogo. Nilihangaika juu ya mama kwa sababu uso wake unaonekana. Yule mzee kwangu alikuwa koti.

Koti la kahawia

Anakaa kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, si mbali na stendi, na meza ndogo yenye kioo. Ni Mpare wa Usangi. Alikuja Moshi mwaka 1974 kutafuta kazi na hajawahi kurudi kuishi kwao. Mama wa ndizi ni Mchagga wa Kibosho.

Msomaji wa mkoa huu ameshaelewa. Kwa wa mbali nitasema tu kwamba Wachagga na Wapare ni watani, na kwamba mtani anaweza kukutukana msibani kwako na ukamwongezea chakula.

Kwa miaka kumi na kitu, kila Jumamosi, mzee huyu amekuwa akienda kwenye meza ileile kuomba apunguziwe ndizi zilezile. Kila Jumamosi amejibiwa vibaya. Kila Jumamosi bei haikupungua, na kila Jumamosi mama amemwekea juu ndizi mbili za nyongeza. Bei haishuki kwa sababu Mpare hawezi kushinda mbele ya watu, na nyongeza haikosekani kwa sababu hawezi kuondoka ameshindwa. Walishafika mahali wateja wengine walikuwa wakingoja afike ndipo wanunue.

Video yangu imeishia kwenye kicheko, kabla ya nyongeza.

"Maneno yale hayana ubaya," alisema. Alikuwa na kile kioo cha jicho, akifungua saa ya mtu, hakunyanyua uso. "Yule mama akiniambia nimeiva, ananiongezea ndizi mbili. Hawa wanaopita hapa wananiongezea nini?"

Nilikuwa nimekaa pale nusu saa na nilishayasikia mara tatu. Boda mmoja alipunguza mwendo kabisa: "Mzee, nani kakupunguza!" Wa pili alikuwa mtoto wa shule. Wa tatu sikumwona. Wengine, akasema, humwuliza mtalaka wake hajambo. Mkewe yupo nyumbani, wana wajukuu sita, na mmoja wao aligombana shuleni kwa ajili ya jambo hilo.

Kuhusu lile neno la mtalaka nilikuwa tayari nimesoma, na nilitamani nisingekuwa nimesoma. Mwaka 2018 Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral wa MIT walitoa katika jarida la Science matokeo ya kufuatilia habari kama 126,000 zilizosambazwa Twitter na watu wapatao milioni 3, kati ya 2006 na 2017. Za uongo zilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi kusambazwa tena. Za kweli zilichukua muda mara sita hivi kuwafikia watu 1,500. Wakaangalia kama ni roboti, wakakuta roboti zinasukuma kweli na uongo sawasawa. Waliotofautisha ni watu, kwa kupenda kilicho kipya masikioni. Muuza ndizi na mteja wake wa kila Jumamosi si jambo jipya. Muuza ndizi na mtalaka wake ni jambo jipya. Mtu fulani, sijui wapi, aliitazama video yangu akaona imepungukiwa chumvi.

Nikamwambia mzee nilichokwenda kusema, kwamba ni mimi.

"Nilikuona," akasema. "Simu yako ina kava jekundu."

Akaiweka saa mezani, akavua kioo.

"Nilikuona unanirekodi, ndiyo maana nilimjibu kwa sauti. Nilidhani na jibu limo."

Jibu

Lilikuwepo jibu. Nilikuwa nimelisahau kabisa, na hili ndilo limekuwa likinirudia usiku.

Mama aliposema nani kakupunguza na soko likacheka, mzee alingoja kicheko kishuke. Halafu akasema, kwa ile Kiswahili ya taratibu ya watu wa Upareni:

"Mimi nimeivia mgombani, mama. Wewe umeivishwa kwa moshi."

Ndizi za kuivishwa kwa haraka huvundikwa shimoni na kutiwa moshi. Kwa sikio huwezi kujua kama alisema moshi au Moshi, na yeye alitaka usijue. Watu walicheka mara mbili ya mwanzo. Muuza vitunguu alikaa chini. Mama mwenyewe alifunika uso kwa ncha ya kanga, kisha akaweka ndizi mbili juu ya chane, moja baada ya nyingine, akizihesabu kwa sauti kama anayelipa faini.

Alishinda mzee. Nilikuwepo, nilicheka, halafu nikaenda nyumbani na video ambayo ameshindwa.

Nimejiuliza kwa nini nilisimamisha. Simu haikuwa imeishiwa chaji, na hakuna aliyenisukuma. Kicheko kilipopanda tu, kidole changu kilijua imetosha. Nilikuwa sijaamua kuituma kwa mtu yeyote, lakini nilishaikata kwa umbo la kutumwa. Hilo Berger hakuniambia.

Jioni ile nikaandika stetasi ndefu. Nikaeleza utani, nyongeza, mkewe aliyepo, na jibu lake neno kwa neno. Waliotazama walikuwa 63. Mmoja aliandika, "Sijaelewa hapo kwenye moshi." Binamu wa Kimara alielewa, akacheka sana, nikamwomba aipeleke kule kwenye grupu lao. Aliipeleka. Ikafia hapo.

Nadhani najua kwa nini, na si kwa sababu watu ni wabaya. Jibu la mzee lina kwao. Lazima uujue mgomba na shimo la kuvundikia, ujue uko mji gani na nani mtani wa nani. Huwezi kumrushia dada yako wa Arusha. Halimvai mtu yeyote zaidi ya yule mama mmoja, aliyeshonewa.

Mteja wangu mmoja, mwanasheria, ameniambia tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nikaisome. Nimeipitia. Haina kifungu cha nyongeza.

Fulana

Nilizichapa. Mtanisamehe au hamtanisamehe. Zote 12, njano, jioni ileile, kabla sijaenda sokoni, kwa sababu kodi ya fremu haingoji mtu amalize kutafakari. Kijana alifurahi. Zilikuwa za sherehe ya mjomba wake anayestaafu, na alinionyesha picha ya mjomba: mtu mnene, mwenye furaha, ambaye bila shaka alizipenda. Hata hilo siwezi kulichukia.

Faida ilikuwa elfu arobaini. Nilipotoka kwa fundi saa, nilikwenda moja kwa moja kwa mama na kumpa zote.

"Za nini?"

"Za ile video, mama."

Alizihesabu mara mbili. Kisha akaita kijana wa mkokoteni, akanifungia mikungu miwili ya mshare na mmoja wa kisukari, akanirudishia elfu mbili chenji. Mtaa wangu mzima ulikula mtori siku nne.

Alipokuwa akifunga kamba nilimwuliza kama mzee bado huja Jumamosi.

"Anakuja."

"Bado anaomba apunguziwe?"

"Hapana. Siku hizi anauliza bei, namtajia, analipa. Anasema asante mama, anaondoka." Alikaza fundo. "Na mimi nikimwekea zile mbili anaangalia kwanza nani amesimama nyuma yake."

Jumamosi iliyopita nilirudi. Simu niliiacha stesheni, kwenye droo. Nilichagua chane moja, nikaigeuza, nikamwonyesha palipoanza kuwa na unjano. "Mama, hizi si zimeshaanza kuiva? Nipunguzie."

Akatazama mikono yangu kwanza, yote miwili.

"Elfu tatu," akasema.